Je, Wajua? Winchi Husingiziwa

Je, wajua kwamba ATV, ile pikipiki ya magurudumu manne manene, ni mtoto wa majira ya baridi? Mwishoni mwa miaka ya 1960 wauzaji wa Honda nchini Marekani walikuwa na kilio kimoja: theluji ikishaanguka, pikipiki haiuziki. Wakaomba Japani wapewe kitu cha kuuza miezi hiyo. Kazi akapewa mhandisi Osamu Takeuchi, na mwaka 1970 kikatoka chombo cha magurudumu matatu yaliyovimba kama maputo, US90, kilichokuja kuitwa ATC90. Ya magurudumu manne ilikuja baadaye: QuadRunner LT125 ya Suzuki, toleo la 1983. Ile ya matatu ilikuwa ikipinduka na kuumiza watu mno, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuiuza huko. Kwa hiyo mtu wa Minnesota anayefunga plau la theluji mbele ya ATV yake mwezi Desemba hakitumii chombo vibaya. Anakirudisha kwao.

Je, wajua kwamba neno winchi hatukulingoja lije na theluji? Aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam analijua tangu bandarini, ambako hata kreni nzima huitwa hivyo. Hii ya ATV ni kitukuu wa ile: mota ndogo ya volti 12, gia zinazozungukana kama sayari na jua, breki iliyojificha ndani ya ngoma, na kebo ya unene wa milimita tano hivi, urefu mita 15. Wakenya walioko Minnesota na Wakongo walioko Maine wanaifahamu kwa sababu nyingine: asubuhi ya theluji, ikigoma, hakuna kwenda kazini mpaka koleo lishikwe kwa mkono.

Je, wajua theluji unayoisukuma ina uzito gani? Chukua njia ya kuingilia nyumbani yenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 3, theluji imelala sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 13.5. Ikiwa ni ile nyepesi ya unga, kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, una kilo 1,350. Ikiwa imelowa na kushikana, kilo 300 kwa mita ya ujazo, una zaidi ya tani 4. Njia ni ile ile na plau ni lile lile. Anayelalamika kwamba jana mashine ilisukuma vizuri na leo imechoka, mwulize kwanza kama jana usiku kulikuwa na baridi kali na leo kuna vuguvugu.

Wajua kwamba plau lenye upana wa sentimita 122, ukiligeuza pembe ya nyuzi 30 ili limwage theluji kando, linafagia kama sentimita 106 tu? ATV nyingi zina upana wa sentimita 120 hivi. Magurudumu yatakanyaga theluji ambayo haijaguswa, nawe utadhani plau limepinda.

Sasa tuje kwenye winchi, maana ndiyo inayobeba lawama zote.

Je, wajua kwamba winchi ya ATV haikuundwa kwa kazi ya plau? Iliundwa kumtoa mtu matopeni: avute mara moja, apumzike, mota ipoe, aende zake. Plau linaidai kitu tofauti kabisa. Kila ukisukuma unashusha, kila ukirudi nyuma unainua, na njia ya kawaida tu inaweza kukugharimu mizunguko mia moja kabla ya chai. Uzito wenyewe si hoja. Plau la chuma na mikono yake halizidi sana kilo 60, na winchi iliyoandikwa ratili 2,500 ina nguvu ya kuvuta zaidi ya kilo 1,100. Hapo ndipo hatari ilipo. Plau likifika juu na kugonga fremu, winchi haina habari. Inaendelea kuvuta kwa nguvu zake zote kitu cha kilo sitini ambacho hakina pa kwenda, na kinachokubali kushindwa kwanza ndicho kinachovunjika: kulabu, kebo, bolti za winchi, au vidole vya kontakta, kile kisanduku kinachopitisha umeme wa winchi. Kidole chako kikikawia kwenye swichi nusu sekunde mara mia kwa asubuhi, hesabu unayo.

Kuna kifaa kidogo cha kukata umeme plau linapofika juu. Wanaokidharau ni wale ambao bado hawajakata kebo.

Wajua kwamba namba ya nguvu iliyobandikwa kwenye winchi ni ya safu ya kwanza tu ya kebo, ile inayogusa ngoma? Kila safu inayopanda juu yake inaongeza unene wa ngoma na kupunguza nguvu ya kuvuta, kama vile kushika spana karibu na nati badala ya mwishoni. Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 3.2 ikishajazwa safu nne za kebo ya milimita 5, mvuto unabaki kama asilimia 55. Sasa angalia winchi inayoinua plau: kebo yake karibu yote imezungushwa ngomani, na ni nusu mita tu iliyo nje. Maana yake inafanya kazi siku zote kwenye safu ya juu kabisa, iliyo dhaifu, ya haraka, na yenye kula umeme zaidi. Ndiyo sababu wazoefu huitoa kebo ndefu wakati wa baridi na kufunga kamba fupi au mkanda wa mita mbili tatu kwenye ngoma tupu. Plau hupanda taratibu zaidi, na ukikawia kwenye swichi unapata nafasi ya kuachia.

Lakini usiache ngoma ikawa tupu mno. Kile kiskurubu kinachoshika mwisho wa kebo hakikuwekwa kubeba mzigo. Kinachobeba ni msuguano wa mizunguko iliyobaki. Kwa kebo ya chuma bakiza mitano au zaidi. Kamba ya nyuzi inateleza, basi inataka mingi kuliko hiyo.

Je, wajua winchi inaweza kuinua plau kwa kitufe cha kushusha? Huu ndio ugonjwa unaowachanganya wengi, nami ulinichanganya majira mazima. Mtu anabonyeza kushusha, plau limeshafika chini, yeye bado kabonyeza. Kebo inalegea, inaisha ngomani, kisha ngoma inaendelea kuzunguka na kuanza kuikunja tena kwa upande wa pili. Plau linapanda. Mtu anadhani nyaya za swichi zimegeuka, anazibadilisha, mambo yanaonekana sawa. Kisha plau linaanza kushuka lenyewe polepole akiwa barabarani. Breki ya ndani ya winchi nyingi hushika upande mmoja tu, na kebo iliyokunjwa kinyume inavuta upande ambao breki haiushiki. Dawa si fundi wala nyaya. Legeza kebo yote, irudishe upande wake, nyoosha, kunja upya. Kwenye winchi nyingi kebo hutokea chini ya ngoma. Ukiona yako inatokea juu, jibu umelipata.

Je, wajua kwamba kontakta inazungumza? Ni kile kisanduku cheusi, mara nyingi kimejificha chini ya kiti, chenye nguzo nne za nyaya nene: mbili za betri, mbili za mota. Bonyeza swichi usikilize. Ukisikia "ta!" moja nzito na winchi imetulia tuli, amri imefika, chunguza nyaya nene, nguzo zake na mota. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" kama mtu anayetetemeka meno, kontakta inashika, umeme unaporomoka, inaachia, inashika tena: hiyo ni betri iliyochoka au waya uliolegea. Usiposikia kitu, tatizo liko upande wa nyaya nyembamba: fyuzi, swichi yenye maji ndani, waya unaopata umeme ufunguo unapowashwa, au athi ya kontakta.

Na mota yenyewe? Kabla hujaihukumu, ihoji. Toa kebo ya winchi kwenye plau ibaki huru, fungua nyaya zake mbili kwenye kontakta, ziguse moja kwa moja kwenye betri iliyo nzima kwa sekunde moja, kisha zibadilishe. Ikizunguka pande zote mbili, mota haina kosa. Rudi kwenye kontakta.

Hapa nina la kukiri. Duka moja liliniuzia winchi mpya kwa sababu ile ya zamani "imekufa". Niliifunga mpya usiku, vidole vimekufa ganzi, na asubuhi nayo ikafanya vile vile: ta-ta-ta. Nati ya waya wa hasi kwenye betri ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Winchi ya zamani ninayo mpaka leo, inafanya kazi kwenye trela ya mashua.

Wajua kwamba mtetemo wa ATV ni mwizi wa nati? Kabla ya msimu kaza zote nne za kontakta, mbili za betri, na mbili za mota. Kuna kipimo kizuri kuliko macho. Weka voltimita ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya winchi, kisha mwenzako abonyeze swichi. Waya mzima utaonyesha kijisehemu cha volti. Ukiona volti moja au zaidi, umeme wako unaishia kupasha moto kutu.

Je, wajua kwamba betri ya risasi na asidi, baridi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, inabaki na takriban nusu ya uwezo wake? Na ndiyo saa ambayo mafuta ya injini yamekuwa mazito, grisi ya winchi imekuwa kama nta, na kila kitu kinadai umeme zaidi. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 au zaidi. Iliyoisha kabisa ina ubaya mwingine: maji yake yanaweza kuganda kwenye baridi ambayo iliyojaa isingeihisi, na ikishapasuka ganda haina matibabu. Kaskazini mwa Minnesota si pa kubahatisha. Mji mdogo wa Tower ulishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996.

Wajua kwamba injini haiwezi kulisha winchi peke yake? Steta ya kawaida ya ATV, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, ikitoa wati 400 ni kama ampia 28. Winchi ikikaza inaweza kudai ampia zaidi ya 150. Pengo lote linajazwa na betri, ambayo inatumaini kulipwa baadaye. Anayepiga plau injini ikiwa inanguruma chini chini, taa zinawaka na vishikio vya joto vimewashwa, anakopa bila kulipa. Saa moja baadaye ATV inazimika katikati ya uwanja, na anayetukanwa ni winchi.

Je, wajua kuna siku winchi inakataa kusimama? Vidole vya kontakta vikipigwa cheche mara nyingi vinaweza kuungana kama vimechomelewa. Unaachia swichi, kebo inaendelea kuvutwa. Unazima ufunguo, bado inavuta, maana nyaya nene zinatoka betri moja kwa moja na haziusikilizi ufunguo. Kinachosaidia ni kuchomoa waya wa betri, na huo uko chini ya kiti, nyuma ya bolti mbili. Weka plagi ya kuchomoa kwa mkono mmoja au swichi kubwa ya kukata umeme mahali unapofikia ukiwa umekaa, na ufanye hivyo mwezi wa Oktoba wala si siku yenyewe.

Wajua kwamba winchi inayonguruma bila kuzunguka huenda imelala na barafu tumboni? ATV ilioshwa, au ilivuka maji msimu wa mvua, unyevu ukaingia kwenye gia na kuganda. Ukiendelea kubonyeza unaiunguza. Iingize gereji yenye joto, iache masaa kadhaa. Usiimwagie maji ya moto, kwani nusu saa baadaye nayo yatakuwa barafu. Ikishaamka, ifungue, ikaushe, weka grisi mpya isiyogandishwa na baridi.

Je, wajua kwamba kamba ya nyuzi za kisasa, ile wanayoiita Dyneema, inaelea majini na inashinda chuma kwa uzito, lakini inayeyuka karibu na nyuzijoto 150 tu? Breki ya winchi nyingi iko ndani ya ngoma, na kila unaposhusha mzigo inachemka. Wanaopiga plau siku nzima wamekuta safu ya chini ya kamba imegandamana kama plastiki iliyoungua, na nje kuna theluji hadi magotini. Kamba hiyo hiyo hunywa maji, ikaganda, ikawa fimbo. Kebo ya chuma haiyeyuki wala hainywi maji, ila inachoka pale pale inapopinda kwenye roli, inaanza kuchomoza sindano, kisha inakatika kwa hasira. Mimi kwa plau natumia mkanda mfupi mpana. Haupendezi machoni, unabadilishwa kwa dakika kumi.

Na roli ya winchi ikiganda isizunguke, inageuka msumeno. Izungushe kwa kidole kila asubuhi.

Wajua kosa la jioni linalolipwa asubuhi? Umemaliza, umechoka, umeshusha plau likalala kwenye lami yenye majimaji, umeingia ndani. Usiku linaganda na ardhi. Asubuhi unabonyeza kuinua, na winchi sasa haiinui kilo 60, inang'oa lami. Laza plau juu ya mbao mbili. Na ukisafirisha ATV kwenye trela, usiache plau likining'inia kwenye kebo; kila shimo la barabara ni nyundo juu ya ngoma. Lifunge kwa mkanda, kisha ilegeze kebo.

Je, wajua kwamba springi za plau zipo ili lishindwe? Likigonga jiwe au ukingo wa saruji, bamba linajikunja mbele, linapita, linarudi. Likijikunja kwa theluji tupu, springi zimelegea. Kaza kidogo kidogo pande zote mbili sawa. Lisipojikunja hata kwenye ukingo, umekaza mno, na sasa fremu ya ATV ndiyo springi. Mwendo ni wa mtu anayetembea kwa haraka.

Wajua kwamba theluji ya kwanza ya mwaka haifai kukwanguliwa hadi chini kwenye njia ya kokoto? Ardhi bado laini, plau litakusanya kokoto zote na utazikuta kwenye nyasi mwezi wa Aprili. Shusha viatu vya plau ili bamba lipande sentimita mbili na nusu, iache tabaka nyembamba ishindiliwe na kuganda. Baada ya hapo una sakafu. Na yale marundo ya kando yasukume mbali kuliko unavyodhani inatosha, kwani mwezi wa Februari yatakuwa ukuta wa mawe na njia yako itakuwa imebaki nusu.

Je, wajua injini inaweza kuchemka kwenye baridi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri? Plau likiinuliwa linaziba upepo wa rejeta, na theluji inayoruka inajipachika kwenye mapezi yake. Taa ya joto ikiwaka, shusha plau, acha feni izunguke, kwangua theluji kwa brashi.

Harufu ya mpira unaoungua si ya winchi. Ni mkanda wa gia: weka gia ya chini kabisa, ile ya kuvutia mizigo.

Theluji ikiganda kwenye bamba na kukataa kumwagika, mafuta ya kupikia ya kupuliza, yale ya kikopo, yanafanya kazi kwa saa moja hivi. Nta ya gari inafanya kazi siku kadhaa. Mke wangu anajua kikopo chake kilikoishia.

Wajua kwamba ile mashine kubwa ya reli inayotafuna theluji na kuirusha kando kwa panga za kuzunguka ilibuniwa na daktari wa meno? J.W. Elliott wa Toronto aliichora mwaka 1869. Aliyeifikisha mbali ni Orange Jull, pia wa Kanada, katika miaka ya 1880.

Je, wajua kwamba majimbo mengi ya Marekani na Kanada yanakataza kusukuma theluji yako hadi barabara ya umma, hata kama unaivusha tu kwenda upande wa pili? Mstari unaobaki katikati ya barabara ukiganda, gari la jirani ndilo litakaloukuta.

Na je, wajua kazi ya mwisho ya msimu ni ipi? Aprili, siku ya jua, vuta kamba au kebo yote hadi mwisho, yote mita 15, uitandaze uwanjani. Iguse kwa glavu kutoka kulabu hadi ngoma. Mita ya kwanza utaikuta imechanika, imesuguliwa na roli, imebadilika rangi. Mita kumi na nne zilizobaki zitang'aa kama ulizinunua jana. Kata mita hiyo, funga kulabu upya, osha kilichobaki kwa maji matamu, kianike. Kisha kikunje tena safu kwa safu, mizunguko ya kwanza bila mzigo, halafu ATV ikijivuta taratibu kwenye mteremko mdogo ili mizunguko ikae imekaza.